Pawatila Iliyolala Muda Mrefu: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Kuiwasha Tena

Kifuku kikikaribia, kuanzia Ubaruku na Igurusi hadi Pawaga na Idodi, watu hufunua maturubai na kuzitazama pawatila, yaani trekta ndogo za magurudumu mawili zinazoongozwa kwa mikono, ambazo hazijaguswa kwa misimu kadhaa. Nyingi ziliingia vijijini baada ya mpango wa serikali wa Kilimo Kwanza kutangazwa mwaka 2009, zikalima misimu michache, kisha zikasimama kwa kukosa kipuri kimoja au fundi wa kuaminika. Sehemu kubwa ya mashine hizo bado ni nzima. Zinaharibika siku ile ya kuzifufua, kwa sababu ya haraka ya dakika kumi za kwanza.

Majibu haya yanahusu pawatila za dizeli zenye silinda moja iliyolala, za nguvu ya farasi 6 hadi 16: za Kichina za aina ya S195 na ndugu zake, za Kubota, na VST Shakti kutoka India. Vipimo vikitofautiana na kitabu cha mashine yako, fuata kitabu.

Pawatila imekaa miaka minne bila kuwashwa. Nianzie wapi?

Usianze na hendeli, ule mpini wa kuzungushia injini. Anza na macho na spana.

Ondoa mikanda inayotoka kwenye injini kwenda kwenye klachi. Hilo linatenganisha injini na giabox, kwa hiyo kila utakachokigundua utajua ni cha upande upi. Kisha fungua hausi ya hewa, yaani kikasha cha chujio la hewa. Panya wanapenda kujenga humo na ndani ya sailensa, na pamba au majani yakivutwa kwenye silinda yanaweza kuzuia valvu isifunge. Angalia sailensa: kama bomba lilikuwa limesimama wima bila kopo juu yake, maji ya mvua yameteremka hadi kwenye valvu ya moshi. Ikiwa siku mashine iliposimama valvu hiyo ilikuwa wazi, maji yaliingia mpaka kwenye pistoni. Hicho ndicho chanzo kikubwa cha injini kukwama katika mikoa yetu yenye mvua ya miezi mitano, sita mfululizo.

Baada ya hapo fungua bolti ya chini ya karta (bakuli la oili chini ya injini) na uache kinachotoka kitoke taratibu kwenye beseni safi. Maji hutangulia, kwa kuwa ni mazito kuliko oili. Kinachotoka kwanza kitakwambia mengi.

Kwa nini nisiifunge nyuma ya trekta ikavutwa mpaka ikubali?

Kwa sababu pistoni iliyoshikwa na kutu haijui kwamba unaisaidia. Ukiivuta kwa nguvu ya trekta, ringi huvunjika, vipande vyake huchimba silivu (bomba ambamo pistoni husogea), na kama pistoni haikusogea kabisa basi konrodi, fimbo inayounganisha pistoni na krankishafti, hupinda au meno ya giabox hukatika. Kazi ambayo ingegharimu oili kidogo na siku mbili za subira inageuka kuwa silivu mpya, pistoni, ringi, na pengine kufungua krankishafti. Zaidi ya hayo, injini ikiwaka ghafla huku inavutwa, hakuna mtu aliye karibu na mkono wa mafuta (wa kuongeza na kupunguza mwendo) wa kuizima.

Kuipeleka bondeni ikiwa kwenye gia ni jambo hilohilo kwa sura nyingine.

Nitajuaje kama injini imekwama, na nifanye nini?

Mikanda ikiwa imetolewa, inua mkono wa kupunguza kompresheni (mgandamizo wa hewa kwenye silinda) na uzungushe flaiwili, lile gurudumu zito la ubavuni mwa injini, kwa mikono miwili. Ikizunguka mizunguko miwili kamili bila kugonga popote, una bahati. Ikisogea robo kisha ikagota kwa ghafla, usilazimishe. Kuna valvu iliyobaki wazi au kuna kitu ndani ya silinda. Isiposogea kabisa, imekwama kwa kutu.

Kwa iliyokwama, fungua nozeli (kipulizia dizeli) kwenye silinda hedi, yaani kichwa cha silinda. Changanya oili nyepesi na dizeli nusu kwa nusu, mimina kama mililita 50 kupitia tundu la nozeli, uiache usiku mzima. Hapa kuna jambo ambalo mafundi waliozoea magari husahau: silinda ya injini hizi imelala, kwa hiyo mchanganyiko wako hukaa upande wa chini tu na nusu ya juu ya ringi hubaki kavu. Kama baada ya siku mbili haijasogea, usiendelee kumimina. Fungua silinda hedi. Ukishaifungua unaona kutu kwa macho, unaisugua ukutani mwa silivu kwa msasa laini uliolowa oili, na unalowanisha pistoni pande zote. Gasketi mpya ya hedi ni gharama ndogo kuliko kubahatisha.

Kisha itikise flaiwili mbele na nyuma, kidogo kidogo, kwa mwendo wa sentimita moja au mbili. Ukilazimika kutumia mti wa kugongea kwenye pistoni, uwe mti laini, ugonge katikati, kwa nyundo ndogo.

Ikishazunguka, izungushe mizunguko mingi nozeli ikiwa bado nje ili mchanganyiko wote utoke. Ukifunga nozeli huku kimiminika kimejaa mbele ya pistoni, kitagoma kubanwa na konrodi itapinda mara ya kwanza utakapopiga hendeli.

Valvu imebaki wazi. Lazima hedi ifunguliwe?

Si lazima. Fungua kifuniko cha juu cha valvu, tazama zikipanda na kushuka unapozungusha flaiwili. Ile isiyorudi, ilowanishe shinoni kwa dizeli na oili, gonga kichwa chake polepole kwa nyundo ya mpira au ya mti, zungusha, rudia. Angalia pia kama fimbo za kusukuma valvu zimenyooka: ziviringishe juu ya kioo, na iliyopinda utaiona ikiruka.

Ukimaliza, pima uwazi wa valvu injini ikiwa baridi. Kwa S195 ni milimita 0.35 valvu ya hewa na 0.45 valvu ya moshi. Aina nyingine zina vipimo vyake, usizichanganye.

Niweke oili ipi, na kiasi gani?

Oili ya injini ya dizeli, namba 40 kwa bonde la Usangu na Kyela, namba 30 kwa sehemu za baridi, au 15W-40 ambayo inafaa kote. Injini nyingi za nguvu ya farasi 12 huchukua karibu lita 3, lakini kipimo cha kweli ni kijiti: mashine ikae sehemu tambarare, oili ifike kati ya alama mbili. Kuzidisha ni kosa sawa na kupunguza, kwani oili iliyozidi hupenya ringi na kuungua, na katika hali mbaya injini huanza kujiendesha kwa oili yake yenyewe.

Usiweke oili ya pikipiki iliyobaki kwenye kopo wala oili chafu iliyochujwa kwa kitambaa. Safisha pia chujio cha waya kilicho ndani ya karta, ambacho wengi hawajui kama kipo. Tope lililoganda miaka minne hukaa hapo, na likiziba, oili haipandi.

Oili imetoka nyeupe kama chai ya maziwa. Hiyo ni nini?

Ni maji yamechanganyika na oili. Yana njia tatu za kuingia. Ya kwanza ni mvua kupitia kifuniko cha kujazia oili au kijiti kilichopotea. Ya pili ni gasketi ya hedi. Ya tatu, na ndiyo ya kawaida kwa mashine iliyolala, ni mipira ya silivu. Silivu ya injini hizi huzungukwa na maji, na mipira ya duara ndiyo inayozuia maji yasishuke kwenye karta. Mipira hiyo ikikauka miaka mingi bila maji hugumu na kupasuka.

Njia ya kujua ni nyepesi. Mwaga oili yote, usiweke mpya. Jaza maji safi kwenye tangi la kupozea, acha bolti ya karta ikiwa wazi na kikombe chini yake, ondoka mpaka kesho. Kikombe kikibaki kikavu, maji yale yalikuwa ya mvua. Kikiwa na maji, silivu itolewe, mipira ibadilishwe, na sehemu inayokaa mipira isafishwe kutu na chokaa mpaka iwe laini. Kuweka mipira mipya juu ya kutu ni kufungua injini mara mbili.

Dizeli ya zamani iliyomo kwenye tangi bado inafaa?

Haifai kwa injini. Dizeli iliyokaa hukusanya maji kutokana na jasho la tangi usiku wa baridi, na katika mpaka wa maji na mafuta huota utelezi mweusi unaoziba filta. Mwaga yote. Ng'oa tangi, tia dizeli safi lita 1 na kipande cha mnyororo mdogo, tikisa, mwaga, rudia mpaka kinachotoka kiwe kisafi. Usioshe kwa maji na sabuni kama huna njia ya kulikausha kabisa.

Filta ya karatasi ibadilishwe, isioshwe. Mipira ya mafuta iliyopasuka ibadilishwe hata kama haivuji, maana mpira unaoweza kuvuta hewa hauonyeshi tone lolote nje. Kisha weka dizeli mpya lita 2 au 3 kutoka kituoni. Dizeli ya madumu ya barabarani huwa na mafuta ya taa mara kwa mara, na mafuta ya taa hayalainishi pampu; pampu iliyokauka miaka minne haihitaji adhabu hiyo.

Nimeweka dizeli mpya, napiga hendeli, hakuna hata moshi. Tatizo nini?

Hewa kwenye njia ya mafuta, karibu kila mara. Fungua koki ya tangi. Legeza skrubu ya kutolea hewa iliyo kwenye pampu, dizeli itatoka na mapovu. Iache mpaka itoke bila povu hata moja, kaza. Weka mkono wa mafuta mahali pa kuwasha. Legeza nati ya bomba la chuma upande wa nozeli, inua mkono wa kompresheni, zungusha injini mpaka dizeli iruke kwa vipigo kwenye ile nati, kaza. Zungusha tena na utege sikio: nozeli nzima hutoa mlio mkavu wa "kri, kri" kila inapopuliza. Mlio ukiwepo, mafuta yanafika.

Mlio usipokuwepo, nozeli imekwama au pampu haisukumi. Hapo ni kazi ya fundi wa pampu mwenye mashine ya kupimia. Nozeli ya S195 hufunguka kwenye kati ya kilo 125 na 135 kwa sentimita ya mraba. Injini zinazopuliza mafuta moja kwa moja juu ya pistoni hutumia mgandamizo mkubwa zaidi, kwa hiyo mwambie fundi ni injini gani kabla hajagusa skrubu. Nozeli ikirudi, weka washa (pete bapa) mpya ya shaba chini yake.

Usiijaribu nozeli kwa kuiweka mbele ya kiganja. Dizeli inayotoka pale hupenya ngozi bila maumivu makubwa mwanzoni, na mkono unaweza kupotea. Ikitokea, ni hospitali saa hiyohiyo, hata kama jeraha ni kitundu cha sindano.

Je, kuna hatari injini ikawaka na kukataa kuzima?

Ipo, na ndiyo inayotutia hofu kuliko zote. Tunaomba jibu hili lisomwe kabla ya kupiga hendeli.

Ndani ya pampu kuna kikono kidogo kinachoamua mafuta yawe mengi au machache. Gavana, kifaa kinachodhibiti mwendo wa injini, hukishika kikono hicho kwa uma. Mambo mawili huharibu mpangilio huo. Kwanza, dizeli ya zamani hugeuka gundi na kukigandisha kikono mahali pa mafuta mengi. Pili, mtu huitoa pampu kuisafisha, akairudisha, na kikono kikakaa pembeni ya uma badala ya kuingia ndani yake. Kwa nje kila kitu kinaonekana sawa. Injini inawaka, inapanda mwendo, haisikii mkono wa mafuta, inaendelea kupanda mpaka konrodi inatoboa ubavu wa injini.

Kwa hiyo, kabla ya kuwasha, fungua kifuniko kidogo cha ubavuni karibu na pampu, sogeza mkono wa mafuta mbele na nyuma, uone kikono cha pampu kikifuata bila kusitasita. Kisipofuata, usiwashe.

Na uwe tayari. Weka kipande cha mbao bapa karibu na mdomo wa kuvutia hewa, na spana ya nati ya bomba la nozeli mfukoni. Injini ikikimbia, inua mkono wa kompresheni, ziba hewa kwa mbao au legeza ile nati. Usizibe kwa mkono wala kwa nguo nyembamba. Kufunga koki ya tangi hakutoshi, kwa kuwa mafuta yaliyomo kwenye filta na bomba yanatosha kuivunja injini. Watoto na watazamaji wakae mbali na mashine, wasisimame mkabala na flaiwili.

Hatua za kuiwasha mara ya kwanza ni zipi?

Nozeli ikiwa nje, tia kijiko kikubwa kimoja cha oili safi kwenye silinda na uzungushe injini mizunguko 40 au 50. Lengo ni oili ipande kwenye beringi kabla ya moto. Injini za aina ya S195 zina alama nyekundu juu ya kifuniko cha hedi ambayo hupanda oili inapofika. Kwa hendeli inaweza ipande kidogo tu, lakini injini ikishawaka ni lazima ipande ndani ya sekunde chache. Isipopanda, zima.

Rudisha nozeli, toa hewa, hakikisha kuna maji ya kupoza, mikanda bado iko nje. Vaa nguo zisizoning'inia. Kanga, skafu na makoti mapana yakae mbali. Mkono wa kushoto uinue kompresheni, wa kulia ushike hendeli huku dole gumba likiwa upande mmoja na vidole vingine, lisizunguke mpini. Hendeli ikirudi nyuma kwa kishindo, dole lililozunguka ndilo linalovunjika. Zungusha kwa upande wa mshale, pandisha kasi, achia kompresheni bila kuacha kuzungusha. Ikiwaka, hendeli hujitoa yenyewe. Endelea kuishika mpaka uitoe.

Iache kwenye mwendo mdogo dakika 10 hadi 15. Usiipandishe mwendo ili "kusafisha". Sikiliza. Mlio wa chuma unaogonga chini, mzito na wa mpangilio, ni beringi ya konrodi, na hapo zima mara moja.

Huku Makete na Njombe asubuhi ni baridi kali. Tunaruhusiwa kupuliza spreya ya kuwashia?

Hapana. Spreya hizo huwaka kabla pistoni haijafika mahali pake, na katika silinda moja kubwa kishindo hicho huvunja ringi au kurudisha hendeli mkononi mwako. Kitambaa kinachowaka kwenye mdomo wa hewa pia tuache. Majivu yake huingia ndani.

Kinachofaa ni maji. Chemsha ndoo, mimina kwanza ya vuguvugu kwenye tangi la kupozea, yamwage, kisha yale ya moto yasiyotokota, subiri dakika kumi. Chuma cha silinda kikipata joto, dizeli hukubali. Kama kompresheni ni dhaifu kwa sababu ringi zimekauka, matone machache ya oili kwenye njia ya hewa huziba kwa muda. Na kama mashine inakaa karibu na Kitulo, mwaga maji jioni za Juni na Julai. Yakiganda ndani yanapasua ukuta wa injini, na mpasuko huo ni mgumu kuziba.

Moshi unasema nini?

Mweupe wa dakika chache za mwanzo ni kawaida. Ukiendelea, dizeli haiungui: nozeli inatiririsha badala ya kupuliza, kompresheni ni ndogo, au wakati wa pampu umechelewa. Kwa S195 mafuta yapulizwe nyuzi 16 hadi 20 kabla ya pistoni kufika mwisho, na marekebisho ni kwa karatasi nyembamba zilizo chini ya pampu: ukiongeza karatasi unachelewesha, ukipunguza unawahisha. Ndiyo maana pampu ikitolewa, karatasi zote zihesabiwe na zirudi zilezile. Mweupe wenye harufu ya mvuke, na maji yanapungua, ni gasketi ya hedi.

Wa bluu ni oili. Ringi zilizoganda mara nyingine huachia baada ya saa chache za kazi nyepesi, kwa hiyo usikimbilie kufungua. Mweusi ni mafuta mengi au hewa kidogo. Osha hausi ya hewa, na kama ni ya bakuli la oili weka oili mpya hadi kwenye alama.

Mashine hii ilikuwa nzuri Kyela, Njombe haina nguvu na inatoa moshi mweusi. Imeharibika njiani?

Pengine haina kosa lolote. Kyela iko karibu mita 500 juu ya usawa wa bahari, Mbeya mjini kama 1,700, na Njombe ni zaidi ya 1,800. Injini isiyo na taibo (kifaa cha kusukuma hewa zaidi kwenye silinda) hupoteza takribani asilimia 10 ya nguvu kwa kila mita 1,000 unazopanda, kwa sababu hewa ni nyepesi. Pampu inaendelea kupuliza mafuta yaleyale, hewa haitoshi, moshi unakuwa mweusi. Tumia gia ya chini, punguza kina cha kulima, na usikubali mtu aongeze mafuta kwenye pampu. Kufanya hivyo kunaongeza joto na masizi tu.

Maji yanachemka baada ya nusu saa. Ni sawa?

Kwa injini zenye tangi la maji lililo wazi juu, ndiyo, zimeundwa kupoa kwa kuchemka. Kazi yako ni kuongeza kila alama ya kuelea inaposhuka. Tumia maji ya mvua au ya kisima safi. Maji ya mfereji wa mashamba yana tope linaloganda kuzunguka silivu. Ikiwa tangi lilikauka na injini ina moto mkali, usimwage maji baridi. Zima na uiache ipoe. Kwa zenye radieta, kama baadhi ya Kubota, kuchemka ni ugonjwa: angalia fanbelti, mapezi yaliyoziba vumbi la mpunga, na kifuniko cha radieta.

Injini ni nzima, lakini pawatila haiendi, au haisimami.

Sasa rudisha mikanda, na ubadilishe yote kwa pamoja. Mpya mmoja kati ya mikuukuu hubeba mzigo wote na kukatika. Ukiubonyeza katikati kwa dole, ushuke sentimita 2 hadi 3.

Klachi iliyokaa miaka hushikana kwa kutu, kwa hiyo ukiikanyaga au kuivuta mashine inaendelea kwenda. Funga mkono wa klachi ukiwa umeachanishwa kwa siku moja au mbili, kisha jaribu kuzungusha puli kwa mkono. Isipoachia, ifunguliwe na sahani zisuguliwe. Usiijaribu kwa kuingiza gia huku injini inawaka karibu na ukuta au watu.

Giabox mwaga oili yote, weka namba 90. Mashine iliyolima majarubani mara nyingi huwa na maji humo kupitia sili za ekseli. Jaribu pia klachi za kukatia kona zilizo chini ya vishikio: zote mbili ziachie na kurudi zenyewe, la sivyo kwenye mteremko hutaweza kuiongoza.

Na visu vya kulimia?

Kagua kifuniko cha mnyororo au gia za visu, oili yake hubadilishwa kando na ile ya giabox na husahaulika. Sili zake za nje hukatwa na nyasi na nyuzi za mifuko zinazojizungusha kwenye shafti. Visu viko vya kushoto na vya kulia. Ukivichanganya mashine hutetemeka na kuacha tuta. Bolti zilizolika zibadilishwe zote.

Matairi ya 6.00-12 yaliyosimama bila upepo hupasuka ubavuni. Kwa shambani weka kama psi 20.

Ninunue vipuri gani kabla sijaanza?

Gasketi ya hedi, mipira ya silivu, filta ya dizeli, washa za shaba, mipira ya mafuta, seti ya mikanda, oili ya injini ya kutosha mara mbili, na oili ya giabox. Nozeli na ringi subiri mpaka uone hali. Mwanjelwa jijini Mbeya utapata vingi vya aina za Kichina. Igurusi na Ubaruku, ambako mpunga ndio maisha, mafundi wana uzoefu wa mashine hizi kuliko gereji nyingi za mjini. Nenda na kipuri cha zamani mkononi pamoja na namba iliyogongwa kwenye kibati cha injini. Silivu za S195 na ndugu zake hufanana kwa macho na kutofautiana kwa milimita chache.

Imewaka. Nianze kulima kesho?

Anza na kazi nyepesi: kuvuta tela tupu, au kulima shamba kavu kwa kina kidogo, saa mbili tatu kwa siku. Baada ya saa 10 za kwanza mwaga oili hata kama inaonekana safi, kwa sababu imebeba kutu na tope la miaka yote. Kaza tena nati za hedi injini ikiwa baridi, pima valvu upya, tazama kama bolti za kushikilia injini zimelegea. Baada ya hapo ndipo uingie kuvuruga majaruba, kazi ambayo haina huruma kwa mashine.

Nimeambiwa kuna pawatila iliyolala inauzwa bei poa. Nitazame nini?

Nenda na spana, kikombe na tochi. Omba kufungua bolti ya karta na kutazama kinachotoka. Mulika ukuta wa tangi la maji utafute mpasuko au alama ya kuchomelea. Tazama ubavu wa injini: kiraka cha chuma pale ni ushahidi kwamba konrodi iliwahi kutoka. Shika flaiwili uivute nje na kuisukuma ndani. Ikicheza waziwazi, beringi za krankishafti zimekwisha. Muuzaji akikataa usifungue bolti moja, acha.

Iliyokwama kwa kutu lakini yenye ukuta mzima na giabox inayoingia gia zote ni ununuzi mzuri, ukipunguziwa bei ya pistoni na silivu. Yenye mpasuko kwenye ukuta au iliyokwisha kung'olewa pampu na nozeli "kwa fundi" inunue kwa bei ya vipuri tu.

Msimu ukiisha niihifadhije isirudi hapa?

Mwaga oili ikiwa bado ya moto, weka mpya. Jaza tangi la dizeli hadi juu ili pasibaki nafasi ya jasho. Mwaga maji yote ya kupoza. Tia kijiko cha oili kwenye silinda, zungusha mara kadhaa, kisha zungusha taratibu mpaka uhisi kompresheni inakaza na uiache hapo hapo: valvu zote mbili zinakuwa zimefunga. Legeza mikanda, achanisha klachi na uifunge hivyo kwa kamba. Vika sailensa kopo, ziba mdomo wa hewa kwa mfuko uliofungwa vizuri na uandike kwenye mfuko huo "ondoa kabla ya kuwasha". Iinue juu ya matofali, matairi yasiguse ardhi. Mara moja kwa mwezi, zungusha flaiwili mizunguko michache kwa mkono na uirudishe pale kompresheni inapokaza.